Nabongo Mumia na Wageni Wake

Mtu wa Muhoroni alisikiapo jina la Mumias, jambo la kwanza limjialo moyoni ni miwa, maana miji yote miwili imejulikana kwa mashamba ya miwa na viwanda vya sukari. Lakini jina hilo lilikuwa la mtu kabla ya kuwa la mji, na mtu huyo alikuwa mfalme. Yafaa tukumbuke habari zake.

Mumia, mwana wa Shiundu, alirithi kiti cha baba yake mwaka 1882, akawa Nabongo wa Wawanga. Makao yake yalikuwa Elureko, karibu na Mto Nzoia. Ufalme wake haukuwa mkubwa. Kaskazini walikaa Wabukusu na kusini Wajaluo, nao hawakuwa watu wa kutishwa kwa jina tu. Basi Mumia alitafuta nguvu mahali pengine, yaani kwa wageni.

Tangu siku za baba yake misafara ya Waswahili ilikuwa ikifika kutoka pwani kutafuta pembe za ndovu, na wasafiri walipaita mahali hapo Kwa Sundu. Mwaka 1883 alifika Joseph Thomson. Mwaka 1885 akapita Askofu Hannington, ambaye baadaye aliuawa Busoga. Wote walipokewa. Kila msafara uliokwenda Uganda kwa njia hiyo ulihitaji chakula na pumziko, na Mumia alikuwa na vyote viwili.

Waingereza walipokuja kutawala, wakamwona kuwa rafiki. Mwaka 1895 C. W. Hobley alikaa kwake kwa kazi ya Serikali, na mwaka huo huo mashujaa wa Wanga walikwenda pamoja na majeshi ya Serikali kupigana na Wabukusu huko Lumboka na Chetambe. Mwaka 1909 Mumia akafanywa Chifu Mkuu. Ndugu zake wakapewa kutawala nchi za jirani: Murunga kwa Wabukusu, na Mulama kwa Wamarama. Watu wa huko walinung'unika sana kutawaliwa na wasio wa kwao.

Lakini urafiki huo ulikuwa na upande wa pili. Mwezi wa Desemba 1901 reli, iliyopita hapa Muhoroni, ilifika ziwani Kisumu. Tangu hapo msafiri wa Uganda aliweza kupanda gari la moshi na kisha meli, wala hakuwa na haja ya kulala Elureko. Mwaka 1920 ofisi ya Serikali ikahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Mwaka 1926 Mumia akastaafishwa uchifu. Aliishi miaka mingi baadaye, akiheshimiwa na watu wake kama Nabongo, hata akafariki mwaka 1949.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mumia alipona kweli, na ufalme wake mdogo ukapata sifa kubwa. Lakini methali hiyo haisemi lolote juu ya jirani wa mwenyeji, ambao walilipa gharama ya karamu. Wala haisemi itakuwaje siku mgeni atakapopata njia nyingine ya kupita. Nabongo Mumia aliyaona mambo hayo yote katika maisha yake mwenyewe.