Nafasi ya Kielezi Baina ya Kitenzi Kisaidizi cha Hali na Kitenzi Kikuu katika Kiingereza

Tarehe 20 Januari 2009, mjini Washington, Jaji Mkuu wa Marekani, John Roberts, alimwapisha Barack Obama kuwa Rais. Kiapo hicho, chenye maneno 35, kimeandikwa katika Katiba yenyewe, na ndani yake mna maneno "will faithfully execute". Jaji Mkuu alikitamka kwa kumbukumbu, bila karatasi. Kielezi "faithfully" kikamponyoka kutoka mahali pake na kuangukia mwishoni, baada ya yambwa. Obama alisita, Jaji akajaribu kujisahihisha, na hatimaye Obama akakariri kiapo kwa mpangilio ule ule uliokosewa. Kesho yake kiapo kilirudiwa Ikulu kwa tahadhari, asije mtu akahoji uhalali wake. Ni nadra nafasi ya kielezi kimoja kuwashughulisha wanasheria wa dola.

Siku chache baadaye Steven Pinker, mtaalamu wa saikolojia ya lugha, alieleza kwamba kosa hilo lilitokana na kanuni inayokataza kupasua kitenzi changamano, yaani kutia neno baina ya kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu. Dai hilo haliwezi kuthibitishwa. Ulimi huteleza hata bila kusukumwa na mwanasarufi. Lakini kanuni inayotajwa ipo, na imewasumbua waandishi wengi. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliipinga waziwazi. Kwa maoni yake, ilizaliwa na hofu ya kupasua kitenzi-jina: walioogopa kutia kielezi baada ya "to" waliishia kuogopa pia kukitia baada ya "will" au "must". Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa nafasi hiyo ni makazi ya asili ya kielezi, na kwamba kukihamisha aghalabu ni kuhamisha maana.

Kwanza, muundo. Mwaka 1989 Jean-Yves Pollock alilinganisha Kifaransa na Kiingereza. Alieleza kuwa kitenzi kikuu cha Kifaransa chenye njeo hutoka katika kirai kitenzi na kupanda hadi kituo cha njeo, kikikiacha kielezi nyuma yake. Kitenzi kikuu cha Kiingereza hakipandi. Ndiyo maana Mfaransa husema "Jean embrasse souvent Marie", hali Mwingereza hawezi kusema *"John kisses often Mary". Vitenzi vya hali, kama "can", "may", "must" na "will", vyenyewe hukaa katika kituo hicho cha njeo. Basi kielezi kilichosimama mwanzoni mwa kirai kitenzi hujikuta katikati bila kupasua chochote, kwani vitenzi hivyo viwili havikuwa kitu kimoja tangu awali.

Maelezo hayo yanatosha kuhalalisha nafasi, ila hayatoshi kueleza uteuzi wake. Wanafunzi hufundishwa kwamba kielezi huwekwa baada ya kitenzi kisaidizi cha kwanza. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi, kisha hukwama mbele ya ukanushi:

(1a) He really can't swim.
(1b) He can't really swim.
(2a) You simply can't leave.
(2b) You can't simply leave.

Katika (1a) kielezi kiko juu ya ukanushi: msemaji anasisitiza kwamba mtu huyo hana uwezo wa kuogelea. Katika (1b) ukanushi ndio unaokitawala kielezi: mtu huyo huenda akajipapatua majini, lakini huko si kuogelea kwa kuitwa kuogelea. Tofauti ni kubwa zaidi katika (2). Sentensi ya (2a) inafunga mlango kabisa. Ile ya (2b) inauacha wazi: kuondoka kunawezekana, mradi jambo fulani litimizwe kwanza. Mwanafunzi anayefuata kanuni ya kitabuni atatoa (2b) hata anapokusudia (2a), na hatajua kwa nini ameeleweka vibaya. Hali kadhalika "He probably won't come" ni sentensi ya kawaida, lakini *"He won't probably come" huwakwaza wenyeji wengi wa lugha, kwa sababu kielezi cha makisio ya msemaji hakipendi kutawaliwa na ukanushi.

Visaidizi vikiwa vingi, ngazi huonekana wazi:

(3) They may possibly have been carefully hidden.

Kielezi cha makisio kimekaa karibu na "may", na kielezi cha namna karibu na "hidden". Vikibadilishana nafasi, sentensi inaharibika. Kila kielezi kimesimama jirani na kile kinachokifafanua.

Kwa mizani hiyo, kosa la mwaka 2009 lilikuwa dogo kimaana. "Faithfully" ni kielezi cha namna, na katika kiapo kile hamna ukanushi wa kukipindua; kilichopotea ni ukaribu wake na kitenzi, maana yambwa ndefu iliingia kati. Katika Kiswahili tatizo lenyewe lisingezuka, kwa kuwa "will" inakuwa kiambishi -ta- ndani ya "nitatekeleza", wala hapana ufa wa kupenyeza neno. "Kwa uaminifu" hufuata kitenzi moja kwa moja au baada ya yambwa. Ufa upo katika miundo kama "hawezi kamwe kukubali", ila haufanyi kazi yote inayofanywa na ule wa Kiingereza. Mfasiri wa (1) na (2) hubadilisha maneno badala ya nafasi: "kwa kweli hajui kuogelea" dhidi ya "hajui kuogelea sawasawa", "huwezi kuondoka katu" dhidi ya "huwezi kuondoka hivi hivi tu".