Muziki na ushauri wa akili: kwa nini wengine wanasomea vyote viwili?

Bukavu, kwenye hospitali ya Panzi iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999, wamama waliobakwa wanaingia studio. Wanatunga nyimbo juu ya yale yaliyowapata, wanaziimba, zinarekodiwa. Pembeni yao kuko watu wawili: mwanasaikolojia na fundi wa muziki. Programu hiyo inaitwa Healing in Harmony, na shirika la Kanada, Make Music Matter, liko ndani yake.

Kwa nini wawili? Juu wimbo unaweza kufungua kidonda. Mama anaimba jina la kijiji chake, mara anaanza kutetemeka na kukosa pumzi. Fundi wa muziki anaweza kuzima mashine, lakini hakusomea namna ya kumtuliza. Mwanasaikolojia naye anajua kumtuliza, lakini pengine hajui mwendo gani wa ngoma utamsaidia, wala namna ya kugeuza maneno yake kuwa wimbo.

Mtu mmoja, kazi mbili

Marekani, mtu mmoja anaweza kusomea vyote. Lesley University, jimbo la Massachusetts, ni kati ya vyuo vikuu vilivyounganisha ushauri wa afya ya akili na tiba ya muziki katika masomo ya juu, yale yanayokuja nyuma ya lisansi.

Upande wa muziki, mwanafunzi anajifunza kutumia gitaa, ngoma na sauti ili mgonjwa afikie lengo fulani: kulala vizuri, kusema tena, kupunguza woga. Anafanya masaa 1200 ya mazoezi chini ya msimamizi mbele ya kupata cheti. Upande wa ushauri, anajifunza kusikiliza, kutunza siri, na kutambua mtu anayetaka kujiua.

Lakini vyeti ni viwili, kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Masomo yanakuwa marefu na feza zinatoka nyingi. Faida yake: mwenye ruhusa ya ushauri anapata kazi na malipo ya bima kwa urahisi kuliko mwenye muziki peke yake.

Na hapa Kongo?

Kijana anayetaka njia hiyo atatembea sana. Saikolojia inafundishwa Kisangani, kwa mfano; muziki uko INA, Kinshasa. Ndiyo maana kufanya kazi wawili wawili, sawa vile Panzi, ndiyo njia iliyo karibu.

Kiongozi wa kwaya anaweza kusaidia leo: kuimba pamoja kunamtoa mtu katika upweke. Lakini asimlazimishe mtu kuimba yaliyomuumiza. Na mtu akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo. Gitaa liwekwe chini, apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, kwa mwanasaikolojia au kwa wale wanaoitwa APS.