Vitunguu majani: Kwa nini kichaka kisichogawanywa hufifia

Mvua za Septemba zinapoanza kunyesha katika milima ya Rwanda na Burundi, wenye bustani za jikoni hukumbuka kwanza maharage na mchicha. Kichaka cha vitunguu majani kilicho kando ya mlango huachwa kijitunze chenyewe, kwa kuwa hakisumbui mtu: hukatwa leo, na baada ya wiki chache kimekwisha kuchipua tena. Uhodari huo ndio unaokiponza. Ikipita miaka miwili au mitatu majani huanza kuwa membamba kuliko kawaida, katikati hugeuka manjano, na mwenye nyumba hulaumu udongo, mbegu au jua. Mara nyingi vyote hivyo havina kosa. Kichaka kimejisonga.

Jina vitunguu majani hubeba mimea zaidi ya mmoja. Sokoni huwa ni vitunguu vichanga vilivyong'olewa pamoja na mizizi, vyenye shingo nyeupe na majani manene. Huu mwingine, ambao Wafaransa huuita ciboulette na wanabotania huuita Allium schoenoprasum, ni mwembamba kama nyasi, jani lake ni la mviringo na tupu ndani, na haung'olewi; hukatwa tu. Ni wa ukoo mmoja na kitunguu saumu, na pia liki, ile ijulikanayo na wengi Kigali na Bujumbura kwa jina la puwaro.

Asili yake ni nchi za baridi za Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, na jambo hilo lina uzito kwa mkulima wa huku. Musanze, chini ya volkano, huufaa sana; Kigali, iliyoinuka takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, huufaa pia. Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, joto huunyong'onyesha usipopata kivuli cha mchana. Huko ni heri kumpanda ndugu yake mwenye majani bapa na harufu ya kitunguu saumu, Allium tuberosum, anayevumilia joto zaidi. Naye hugawanywa kwa njia iyo hiyo.

Chini ya ardhi kila kitunguu kidogo, ambacho unene wake haufikii kidole cha mtu mzima, huzaa vingine ubavuni mwake. Vitano huwa ishirini, ishirini huwa mia, vyote vikigombea udongo usiozidi upana wa sahani. Mizizi husukana mpaka maji huteleza juu badala ya kuzama. Vitunguu vya pembezoni bado hupata mahali pa kupumulia. Vya katikati, ambavyo ndivyo vizee, hufa kwanza. Ndiyo maana kuongeza samadi juu yake hakuleti nafuu.

Dawa ni kukigawanya, na wakati mwafaka ni mvua zinapoanza, Septemba au Machi, ili mafungu mapya yashike kabla ya kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kichaka humwagiwa maji jioni ya kuamkia siku ya kazi. Majani hukatwa yakabaki sentimita 5 hivi, kwa sababu mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha majani marefu. Yaliyokatwa huenda jikoni. Kisha jembe huzamishwa pembeni, si katikati, na kichaka chote huinuliwa pamoja na udongo wake. Kikikung'utwa huanza kuachana chenyewe mikononi. Vidole hutosha, kisu ni kwa kile kilichosukana mno. Kila fungu libaki na vitunguu 5 hadi 10 vyenye mizizi. Sehemu ya katikati iliyokufa haipandwi tena, hata kama mwenyewe inamuuma kuitupa.

Mafungu hupandwa kwa kina kilekile cha awali, yakiachana sentimita 20 hadi 30, mahali ambapo msimu uliopita hapakuwa na vitunguu vya aina yoyote, maana magonjwa yao ni mamoja. Samadi iwe imeoza vizuri. Baada ya hapo ni kumwagilia, na kujizuia kukata kwa mwezi mmoja au zaidi.

Kichaka kimoja kilichoshiba kinaweza kutoa mafungu 6 au zaidi. Hapo ndipo penye faida kwa wakazi wa mitaa kama Nyamirambo ya Kigali na Buyenzi ya Bujumbura, ambako Kiswahili husikika vibarazani na nyumba za kupanga ni nyingi. Mpangaji husita kulima, kwa kuwa akihama bustani hubaki kwa mwenye nyumba. Lakini fungu la vitunguu majani hukaa vizuri ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, yenye kina cha sentimita 20, na siku ya kuhama hupakiwa pamoja na masufuria. Jingine hupewa jirani. Cha nyumbani kikifa, mbegu ipo ng'ambo ya ua.

Mbegu za dukani ni njia ndefu zaidi. Hupoteza uhai upesi, mara nyingi ndani ya miaka miwili, hivyo tarehe kwenye pakiti isomwe kabla ya kulipa. Huchukua wiki 2 hadi 3 kuota, na zikiota hufanana na nyasi kiasi kwamba msaidizi mwenye bidii huzipalilia zote.

Serikali ya Rwanda imekuwa ikihimiza kila kaya iwe na akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya jikoni, ili kupambana na utapiamlo. Humo vitunguu majani visipewe sifa visivyostahili. Vina vitamini C na K, lakini huliwa kiganja kimoja tu. Havichukui nafasi ya mchicha wala maharage. Kazi yake ni kumfanya mtoto ayamalize maharage yaleyale ya jana.

Jikoni, kosa la kawaida ni kuvitia mapema kwenye mafuta pamoja na kitunguu maji. Harufu yake hutokana na viambata vya salfa vinavyoundwa jani linapokatwa, na moto huvipoteza haraka. Majani hukatwa kwa kisu kikali, yakatiwa sufuria ikishaipuliwa: juu ya viazi vilivyopondwa kwa maziwa, juu ya mayai yangali laini, juu ya sambaza wa Ziwa Kivu waliotoka mafutani, au mukeke wa kuchoma aliyekamuliwa ndimu. Kwa kuwa huliwa mabichi, yasimwagiliwe maji ya mtaroni, na yaoshwe vizuri kabla ya kukatwa.

Kuyakausha ni hasara, kwani harufu nyingi hutoweka. Ghala lake ni kichaka chenyewe: hukatwa kuanzia pembeni, sentimita 3 hadi 5 juu ya ardhi, kiasi kinachohitajika siku hiyo. Maua ya zambarau yakitokea nayo huliwa. Mabaki ya chakula chenye majani haya wasipewe mbwa wala paka, kwa sababu mimea yote ya jamii ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu yao.