Madhara ya matone ya ganzi machoni

Madhara ya matone ya ganzi machoni ni uharibifu wa konea unaotokana na kutumia mara kwa mara dawa ya kuondoa hisia za jicho. Konea ni sehemu angavu iliyo mbele ya jicho, ambayo mwanga hupitia kuingia ndani.

Matumizi halali

Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna, Austria, alionyesha kwamba kokeini ikidondoshwa jichoni huleta ganzi, na mgonjwa akaweza kupasuliwa bila kulazwa usingizi. Siku hizi hutumika dawa kama tetrakaini, proparakaini na oksibuprokaini. Tone moja hufanya kazi kwa dakika 10 hadi 20 hivi. Muda huo unamtosha daktari kupima shinikizo la jicho au kutoa kitu kilichoingia.

Jinsi madhara yanavyotokea

Wanaoathirika mara nyingi ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Fundi asipovaa kinga, miali ya urujuanimno huunguza tabaka la juu la konea. Saa kadhaa baadaye macho humuuma kana kwamba yana mchanga. Kwa kawaida jeraha hilo hupona katika siku 1 hadi 2.

Fundi akitia matone ya ganzi hupata nafuu papo hapo, lakini dawa hiyo huzuia seli za konea kugawanyika na kuliziba jeraha. Pia jicho lisilo na hisia hupepesa kidogo na kutoa machozi machache. Ganzi ikiisha maumivu hurudi makali zaidi, naye hutia tena. Hivyo dawa inayotuliza ndiyo inayolizuia jicho kupona.

Dalili

Jicho huwa jekundu, kope huvimba na uwezo wa kuona hupungua. Duara jeupe linaweza kujitokeza katika konea, na daktari asipoambiwa habari za matone anaweza kudhani ni maambukizi ya ameba. Mwishowe konea huweza kutoboka au kubaki na kovu linaloleta upofu.

Matibabu na kinga

Hatua ya kwanza ni kuacha matone hayo. Mgonjwa hupewa vidonge vya maumivu, antibiotiki na machozi ya bandia. Konea ikiharibika sana, huenda ikahitajika kupandikizwa nyingine. Matone ya ganzi hayafai kutumiwa nyumbani bila usimamizi wa daktari. Kwa fundi, kinga iliyo bora ni kuvaa barakoa yenye kioo cheusi kila anapochomelea.