Sugu na Magaga: Miguu ya Mama Nayo Yataka Kutunzwa

Alhamisi Kuu ilipokaribia, paroko alitupa kazi ya kutafuta akina mama sita wa kuoshwa miguu kanisani. Zamani kazi hiyo isingekuwepo, kwa kuwa waliooshwa walikuwa wanaume tu. Lakini mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliruhusu wanawake nao wawemo. Tulidhani akina mama wangegombea nafasi. La! Wanne wa kwanza tuliowaomba walikataa. Mmoja alisingizia mafua. Mwingine alisema kweli: "Dada, kwa magaga haya, padre atakwaruzika mikono!" Tulicheka, lakini baadaye tuliwaza sana. Basi, akina mama wapenzi, leo tuongee juu ya sugu na magaga.

Sugu si uchafu, wala haiambukizi. Ngozi ikibanwa au kusuguliwa kila siku mahali pale pale, hujilinda kwa kunenepesha tabaka lake la juu, ambalo ni la chembe zilizokwisha kufa. Ndiyo maana mama anayelima ana sugu kiganjani, chini ya vidole, pale mpini unapokaa. Mtoto wa mjini akienda kwa bibi na kushika jembe hupata malengelenge siku ya kwanza; bibi hana neno. Sugu ya mkononi isiyouma iacheni, ina kazi yake. Mama anayetwanga kila siku akiikwangua yote leo, kesho mchi utamchubua. Linganisheni tu mpini uwe laini, usiwe na nyufa, na mpake mafuta mikononi jioni.

Miguuni mambo ni mengine, kwa sababu mguu hubeba mwili mzima. Iko sugu pana ya kwenye unyayo na kisigino. Iko pia ndogo ya mviringo, ambayo hukaa juu ya vidole au ubavuni mwa kidole kidogo; hiyo ina kiini kigumu katikati, na ukivaa kiatu huchoma kama msumari. Hii ya pili karibu kila mara ni kazi ya viatu vinavyobana. Magaga nayo hutokea ngozi nene ya kisigino ikikauka. Tunashinda na kandambili, kisigino kiko wazi kinatanuka kila tukikanyaga, tunasimama kwenye sementi, tunafua kwa sabuni kali. Ngozi kavu haiwezi kunyumbuka, hivyo hupasuka. Ufa ukiwa wa kina hutoa damu, na hapo vijidudu vimepata mlango.

Kabla ya kutibu, hakikisheni ni sugu kweli. Chunjua ya unyayoni huwa na vidoti vyeusi, na huuma zaidi ukiibana kwa pembeni. Sugu huuma ukiigandamiza kwa juu. Funza naye huonyesha kidoti cheusi, lakini huwasha.

Matibabu ya nyumbani hayana gharama kubwa. Lowekeni miguu katika beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo kwa dakika 10 hadi 15. Kisha sugueni taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu, mkiondoa kidogo tu kwa siku. Mkiona pekundu au mkisikia uchungu mmeshapita kiasi. Suuzeni, kausheni vizuri katikati ya vidole, halafu pakeni vaselini au glisirini wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Msipake katikati ya vidole, maana unyevu wa huko hukaribisha fangasi. Mkivaa soksi za pamba usiku, mafuta hayataishia kwenye shuka. Dukani kwa mfamasia kuna pia krimu yenye urea, ambayo hulainisha ngozi ngumu vizuri sana, lakini anayekosa fedha asisikitike. Kinacholeta nafuu ni kurudia kila siku kwa majuma kadhaa. Wengi wetu tunasugua Jumamosi moja kabla ya arusi, basi!

Sasa tuje kwenye wembe. Hapa tutasema kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, katika kutembelea wagonjwa wa jumuiya, tulimkuta mama wa makamo mwenye sugu nene unyayoni, chini ya kidole gumba. Tulimweleza habari za beseni na jiwe, tukasali naye, tukaondoka. Hatukumwuliza kama ana kisukari. Alikuwa nacho, tena kwa miaka mingi. Binti yake, kwa kumwonea huruma mama yake, aliona jiwe linachelewa akachukua wembe. Mama hakulalamika hata kidogo. Waligundua kwamba amekatwa walipoona damu kwenye kanga.

Hakulalamika kwa kuwa hakusikia. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na hupunguza damu inayofika huko. Mguu usiosikia huweza kukanyaga msumari ukaendelea kutembea. Na sugu ya mgonjwa wa kisukari ni hatari hata bila wembe, kwani hugandamiza nyama iliyo chini yake kama jiwe lililo ndani ya kiatu, mpaka kidonda kianze huko ndani bila kuonekana. Mama yule alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umevimba na kutoa harufu. Daktari alipoondoa ile ngozi ngumu, chini yake kulikuwa na kidonda kikubwa kuliko kile cha wembe. Alipoteza kidole gumba. Sisi wauguzi ndio tuliopaswa kuuliza, na hatukuuliza.

Kwa hiyo mwenye kisukari, au yeyote ambaye miguu yake imekufa ganzi, asijitibu sugu nyumbani. Aende kliniki ikapunguzwe na mtu aliyefundishwa. Asitumie zile plasta za kuondoa sugu, kwa maana zina asidi ya salisiliki, nayo haichagui ngozi iliyokufa na iliyo hai. Asiloweke miguu, aioshe tu, na maji yapimwe kwanza kwa kiwiko, yasipimwe kwa mguu. Kila jioni atazame nyayo zake, na kama hawezi kuinama aweke kioo sakafuni au amwite mtoto. Kabla ya kuvaa kiatu atie mkono ndani apapase. Akiona jeraha, wekundu, weusi au majimaji, asingoje kesho kutwa.

Hata kwa wenye afya, wembe si chombo cha miguu. Jeraha dogo lenye udongo laweza kuleta pepopunda. Tumeona pia waliopaka maji ya betri ili "kuchoma" sugu. Walichoma, kweli, na sugu ikabaki.

Lakini mkiondoa sugu na kurudia kiatu kile kile, itarudi. Nunueni viatu jioni, wakati miguu imetanuka kidogo. Simameni navyo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimeta moja. Viatu vya mitumba vina shida yake: vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine, hivyo papaseni soli ya ndani kama ina mashimo au vinundu. Iko pia njia rahisi: simama juu ya karatasi ngumu, chora mguu wako, kata, kisha ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikijikunja pembeni, kiatu hicho kirudishe mezani kwa muuzaji, hata kiwe kizuri namna gani.

Yule mama ana karatasi yake, amechora miguu yote miwili, nayo hukaa ndani ya pochi pamoja na kadi ya kliniki. Muuza viatu wa sokoni ameshamzoea. Akimwona anakuja humwekea kigoda.