Maziwa ya Afrika yaliyochongwa Amsterdam

Mvuvi wa omena wa Sori, kwenye ghuba ya Karungu, analijua Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, hata gizani. Mpe ramani ya Afrika aliyoitoa Willem Blaeu huko Amsterdam karne ya 17, alitafute. Hatalipata. Ataona maziwa mawili makubwa, Zaire na Zaflan, yakiwa mbali kusini mwa ikweta, na mto Nile ukianzia humo.

Ramani yenyewe inapendeza. Juu imepangwa michoro midogo ya miji, Kairo na kisiwa cha Msumbiji ikiwemo. Pembeni wamesimama watu kwa mavazi yao. Tembo na simba wametawanywa bara, na mtu angedhani mchoraji alipita huko. Wapi! Yale maziwa yalitokana na Ptolemy wa Alexandria, aliyeandika karne ya 2.

Kosa lilidumu kwa sababu ya biashara ya mabamba ya shaba. Mchongaji alichimba mistari kwenye bamba kwa kichuma chenye ncha kali, akiandika kinyumenyume ili maneno yasomeke yakishachapwa. Wino ulipakwa, uso wa bamba ukafutwa, ukabaki ndani ya mistari tu. Kisha karatasi yenye unyevu ikabanwa juu yake kati ya magogo mawili ya mtambo. Mwingine ndiye aliyetia rangi, kwa brashi. Bamba moja lilikula siku nyingi za fundi, basi nani alitupe kwa sababu ya ziwa asiloliona mnunuzi yeyote? Lilichapwa miaka na miaka, na wenye karakana jirani wakalinakili pamoja na makosa yake.

Joan, mwanawe Willem, aliikuza kazi hiyo kupita wote. Karakana yake ya Bloemgracht ilikuwa na mitambo tisa ya maandishi na sita ya mabamba ya shaba, na Atlas Maior yake, iliyoanza kutoka 1662, ilikuwa miongoni mwa vitabu ghali kabisa vya zama zake. Moto wa Februari 1672 uliteketeza karakana yake nyingine na mabamba mengi. Mwaka uliofuata alifariki.

Aliyethubutu kufuta ni mchora ramani Mfaransa d'Anville, 1749: sehemu kubwa ya bara akaiacha nyeupe. Ulikuwa ustadi mkubwa kuliko wale tembo wote. Nam Lolwe lenyewe, mpelelezi Mwingereza Speke alilifikia Mwanza 1858, na hata yeye alionyeshwa njia na wenyeji.