Tetemeko Hutangulia Mlipuko, na Pengine Huufuata

Ndugu wakazi wa Goma, Rubavu na vijiji vya mpakani,

Magma inapopanda chini ya mlima huvunja miamba, na kila ufa huitikisa ardhi. Matetemeko madogo yanapoongezeka na kusogea juu, au mtetemo unapodumu bila kukatika, wataalamu hutambua kwamba huenda volkano inakaribia kulipuka.

Lakini Nyiragongo haubishi hodi kila mara. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ulifumuka bila onyo la wazi. Matetemeko makali yalikuja baadaye, yakapasua nyumba Goma na Rubavu kwa siku kadhaa, kwa kuwa magma ilikuwa imepenya chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu. Tarehe 27 Mei sehemu ya Goma iliamriwa kuhamwa, ingawa lava ilikuwa imekwisha kusimama.

Kwa hiyo twawasihi: utulivu wa ardhi usiwafanye msahau kujiandaa, wala kusimama kwa lava kusiwarudishe nyumbani kabla ya tangazo rasmi. Wekeni vitambulisho na dawa mahali pamoja. Kubalianeni mtakapokutana, kwani mwaka ule watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Epukeni mabonde yenye mazuku, hewa nzito isiyoonekana inayoua. Mnapovuka mpaka, fuateni njia zilizoelekezwa, nasi tutakuwa kando yenu, kwani mlima huu hautambui mpaka.